Hewa haivutwi, husukumwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupumua

Mengi ya maswali haya huulizwa na wanafunzi wa Lamu na Malindi. Mengine ni ya wavuvi, wapiga mbizi na wazazi wenye watoto wa pumu. Tumeyajibu kwa vipimo, kwa sababu habari za pumzi zisipopimwa hubaki maneno ya kukariri. Tukisema "shinikizo" humu tunamaanisha presha ya hewa. Presha ya damu ni habari nyingine.

Tunasema "kuvuta pumzi". Je, mapafu huvuta hewa kweli?

Hapana, na hapa ndipo majibu mengi ya mtihani yanapoharibikia. Pafu halina msuli wa kujitanua.

Hewa ina uzito. Hapa pwani, usawa wa bahari, uzito wa hewa yote iliyo juu yetu hukandamiza kila sentimita mraba ya mwili kwa nguvu ya karibu kilo moja. Kwa kipimo cha zebaki ni milimita 760. Kwa kipimo cha maji ni nguzo inayozidi mita 10. Hatuuhisi mzigo huo kwa sababu ndani ya mwili nako kuna nguvu ileile inayosukuma kwenda nje.

Unapopumua, unachofanya ni kuongeza nafasi kifuani. Hewa iliyomo hupata mahali papana zaidi, ikatawanyika, shinikizo lake likapungua. Hapo hewa ya nje, ambayo shinikizo lake sasa limezidi, hujisukuma kupitia puani mpaka pande mbili zilingane. Mhunzi anaijua kazi hii: akiutanua mvukuto hewa yaingia, akiubana yatoka. Kanuni yake iliandikwa na Robert Boyle, Uingereza, mwaka 1662: gesi ya kiasi kilekile, joto lisipobadilika, ukiipa nafasi mara mbili shinikizo lake hubaki nusu.

Dafu linaonyesha jambo hilihili. Unaponyonya mrija unapunguza shinikizo ndani ya mrija tu. Hewa inayokandamiza maji ya dafu kutoka juu ndiyo inayoyapandisha hadi mdomoni. Toboa tundu dogo, upitishe mrija, kisha uzibe pembeni yake kwa unga uliokandwa pasibaki hata mwanya. Baada ya mafunda machache maji yatagoma kupanda, hata uvute mpaka mashavu yaume. Legeza unga kidogo, hewa iingie, nayo yatapanda tena.

Hiyo tofauti ya shinikizo ni kubwa kiasi gani?

Ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tia maji katika bilauri, tumbukiza mrija unaoonyesha ndani, kisha nyonya taratibu mpaka maji yapande sentimita moja juu ya usawa wa bilauri. Yashikilie hapohapo. Nguvu unayoisikia mdomoni, ambayo ni kama hakuna, ndiyo inayoingiza pumzi ya kawaida: karibu mililita 500 za hewa kwa muda wa sekunde mbili hivi. Ukilinganisha na ile nguzo ya mita 10, ni kama sehemu moja katika elfu.

Inatosha kwa sababu mirija ya hewa ni mipana na haina vizuizi. Ikisinyaa, hesabu hugeuka. Mrija ukipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa huongezeka mara 16, si mara mbili. Ndiyo maana mtoto wa pumu huonekana akipigania pumzi ingawa mapafu yake yenyewe ni mazima.

Ni misuli gani inayofanya kazi, na kwa mpangilio gani?

Mkubwa ni kiwambo, msuli mpana uliotenga kifua na tumbo. Ukitulia umepinda kwa juu kama kawa iliyofunika sahani. Ukijikaza hunyooka na kushuka, karibu sentimita moja na nusu katika pumzi ya kawaida na zaidi sana katika pumzi ndefu. Wakati huohuo misuli iliyo kati ya mbavu huzinyanyua mbavu kwenda juu na nje. Kifua kikapanuka, shinikizo la ndani likashuka, hewa ikaingia. Mfuate huo mpangilio: nafasi kwanza, shinikizo la pili, hewa mwisho. Mwanafunzi anayeandika kwamba kifua hupanuka kwa sababu hewa imeingia ameupindua.

Lala chali, weka kiganja juu ya kitovu, upumue. Tumbo litapanda. Hakuna hewa iliyoingia tumboni. Kiwambo kimeshuka na kuvisukuma matumbo na ini, navyo havina pa kwenda ila mbele.

Na kutoa pumzi?

Ukiwa umetulia hakuhitaji nguvu. Mapafu yana asili ya mpira: yakinyooshwa hutaka kurudi. Kiwambo kikilegea hupanda mahali pake, nafasi hupungua, shinikizo la ndani huzidi la nje kwa kama sentimita moja ya maji, hewa ikatoka. Kiswahili kilitangulia hapa, maana tunasema "kushusha pumzi", na kweli ni kuachia tu. Misuli ya tumbo huingia kazini unapokimbia, unapopuliza moto wa kuni, unapokohoa au kupiga chafya.

Kwikwi ni kiwambo kujikaza ghafla bila kuamriwa. Njia ya hewa kooni hujifunga papo hapo, na mlio huo ndio tunaousikia.

Tutengeneze vipi mfano wa kifua darasani, na kwa nini mara nyingi haufanyi kazi?

Tafuta chupa ya maji ya lita moja ambayo plastiki yake ni ngumu, maputo mawili, mrija mmoja na utepe wa gundi. Kata kitako cha chupa, ulainishe ukingo kwa utepe usije ukachana puto. Funga puto la kwanza kwenye ncha ya mrija kwa uzi, zungusha mara nne au tano. Toboa kizibo, pitisha mrija puto likiwa ndani ya chupa, ziba pembeni kwa udongo wa kuchezea au nta ya mshumaa. Puto la pili likate shingo, livute lifunike kitako chote, ulikaze kwa utepe. Vuta puto la chini kwa vidole: la ndani litajaa. Liachie: litasinyaa.

Lisipojaa, mara tisa kati ya kumi hewa inapenya kwenye kizibo. Paka maji ya sabuni hapo na uvute tena. Povu litakuonyesha palipo na tundu. Sababu ya pili ni chupa laini: unapovuta chini, ubavu wake unabonyea ndani na kuifuta nafasi uliyoiongeza. Ya tatu ni puto jipya gumu. Lipulize na kulitoa hewa mara kadhaa kwanza.

Mwalimu aseme pia mfano huu unapodanganya. Puto linaelea katikati ya chupa, ilhali pafu halielei. Limegandamana na ukuta wa kifua kwa utando wenye majimaji kidogo, kama vioo viwili vilivyoloa vinavyoteleza lakini havibanduki.

Ndiyo maana jeraha la kisu kifuani hufanya pafu lisinyae?

Ndiyo. Kati ya pafu na ukuta wa kifua, shinikizo liko chini ya la nje wakati wote, kwa kama sentimita 5 za maji mtu akiwa ametulia. Hilo ndilo linaloliweka pafu wazi. Kikipatikana kitundu hewa huingia hapo, na pafu hujirudi kama puto. Chusa, kisu au bunduki ya samaki ikimkita mtu kifuani, usiichomoe. Chombo kilicho ndani mara nyingi ndicho kinachoziba. Kizuie kisitikisike, mkalishe majeruhi akiwa ameegemea, apelekwe hospitali.

Ni kitu gani kinachotulazimisha kupumua tena?

Watu hudhani ni upungufu wa oksijeni. Kwa mtu mzima wa afya, kengele kubwa ni kuongezeka kwa kaboni dayoksaidi katika damu. Sehemu ya chini ya ubongo, karibu na uti wa mgongo, huipima kila sekunde na kuamrisha kiwambo.

Jambo hili linaua wapiga mbizi, kwa hiyo tulieleze vizuri. Mtu anayezamia kamba au pweza akipumua harakaharaka mara ishirini kabla ya kuzama, haongezi oksijeni ya maana, kwa sababu damu yake ilikuwa karibu imejaa tangu mwanzo. Alichofanya ni kuitoa kaboni dayoksaidi. Huko chini hamu ya kupumua inachelewa kuja, naye anajiona hodari. Oksijeni inazidi kupungua. Anapoanza kupanda, shinikizo la maji linashuka na lile la oksijeni mapafuni linaanguka nalo. Anazirai mita chache kabla ya kufika juu, bila dalili ya kumtahadharisha. Pumua kawaida kabla ya kuzama. Pumzika juu mara mbili ya muda uliokaa chini. Mmoja akizama, mwenzake abaki juu akimtazama, tena aendelee kumtazama hata baada ya kichwa kutokeza.

Naweza kupumua chini ya maji kwa mpira mrefu wa bustani?

Usijaribu. Kila mita moja ya maji huongeza sentimita 100 za shinikizo kifuani, na hewa ya kwenye mpira bado ni ya juu. Kumbuka pumzi ya kawaida inatumia sentimita moja. Mtu mzima mwenye nguvu akivuta kwa uwezo wake wote hufikia kama hizo 100, kwa nukta tu.

Tena kuna hila ya pili. Mpira wa urefu wa mita moja wenye tundu la sentimita 2.5 unachukua karibu mililita 490 za hewa. Pumzi yako ni 500. Unachovuta ni hewa uliyoitoa wewe mwenyewe. Mirija ya kuogelea ya dukani haizidi sana sentimita 40, na sababu ni hizo.

Na mitungi ya hewa?

Mtungi una kifaa kinachotoa hewa yenye shinikizo sawa na la maji yaliyokuzunguka, kwa hiyo kupumua si shida. Hatari iko kwenye kupanda. Kila mita 10 za bahari huongeza kiasi cha shinikizo lote la hewa ya nchi kavu, kwa hiyo lita 6 ulizovuta kwenye mita 10 zitataka kuwa lita 12 ukifika juu. Ukibana pumzi, pafu huchanika. Pumua mfululizo, usipande zaidi ya mita 9 kwa dakika, na utulie dakika 3 kwenye mita 5.

Masikio yatauma tangu mita mbili za kwanza. Bana pua, puliza polepole, na fanya hivyo kabla hayajauma. Yakikataa, panda kidogo ujaribu tena. Ukilazimisha utapasua ngoma ya sikio.

Wageni wanaozamia katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi au visiwani Lamu huuliza lini wapande ndege. Damu na nyama za mwili zimenyonya naitrojeni ya ziada. Shinikizo likishuka upesi hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa. Baada ya mzamo mmoja wa kawaida subiri angalau saa 12, na kama ni mizamo ya siku kadhaa, saa 18 au zaidi. Barabara ya kwenda Nairobi nayo hupanda zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo basi si njia ya kukwepa kusubiri.

Kwa nini mtu wa Malindi akifika Nairobi huhema anapopanda ngazi?

Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, Malindi na Nairobi. Kilichopungua ni shinikizo lote: huko ni kama milimita 620 za zebaki badala ya 760. Sehemu ya oksijeni inashuka kutoka 160 hivi hadi 130, na hiyo ndiyo nguvu inayoisukuma kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Baada ya siku chache mwili huzoea. Ukitaka kuliona kwa macho, funga chupa tupu ya nusu lita Nairobi na uje nayo pwani. Ikifika Malindi itakuwa imebonyea, kwa kuwa hewa iliyomo sasa inatosha nafasi ya mililita 400 tu.

Kaskazi likiisha, Machi, hewa huwa "nzito". Ina uzito zaidi?

Kinyume chake. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo. Kinachochosha ni jasho kukataa kukauka.

Kuna tofauti gani kati ya kupumua na upumuaji wa seli?

Lugha inatutatiza kwa sababu neno ni moja. Kupumua ni kuingiza na kutoa hewa. Upumuaji wa seli ni kazi ya kemia: seli inavunja sukari kwa oksijeni, inapata nishati, inatoa maji na kaboni dayoksaidi. Hewa uliyovuta ina oksijeni asilimia 21. Uliyotoa ina kama 16, na kaboni dayoksaidi imepanda kutoka asilimia 0.04 hadi 4. Kabla ya kufika kwenye seli, oksijeni hupenya kuta nyembamba mno za vifuko vya hewa, ambavyo ni mamilioni kwa mamia. Ukivitandaza vyote hujaza sakafu ya karibu mita mraba 70.

Hamira kwenye unga wa mahamri inapumua kiseli bila mapafu. Ndani ya donge oksijeni huisha upesi, ikaendelea bila oksijeni, na kaboni dayoksaidi inayotoka ndiyo inayoumua unga. Ukiitia kwenye maji ya moto sana hamira hufa na unga haupandi.

Samaki naye? Na kasa?

Samaki hutumia tofauti ya shinikizo vilevile, ila ya maji: hufungua kinywa na kupanua mashavu, maji yakaingia, kisha hufunga kinywa na kuyasukuma yapite kwenye matamvua. Jodari hana pampu ya kutosha, lazima aogelee kinywa wazi. Lita ya bahari yetu ya joto ina kama miligramu 6 za oksijeni. Lita ya hewa ina karibu 270. Basi mbona samaki hufa ndani ya mashua, penye oksijeni tele? Kwa sababu nyuzi za matamvua zikikosa maji hugandamana, na eneo la kupokea oksijeni hutoweka.

Kasa, nguva na pomboo wana mapafu kama sisi. Kasa aliyelala hukaa chini saa kadhaa, lakini aliyenaswa kwenye jarife akipapatika humaliza oksijeni yake upesi mno. Anayekagua nyavu mara kwa mara huwakuta hai.

Mtu ametolewa majini hapumui. Tumning'inize maji yatoke?

Msifanye hivyo, wala msimkandamize tumbo. Maji yaliyo mapafuni kwa kawaida si mengi, na mtakachokitoa ni chakula cha tumboni kitakachoingia kwenye njia ya hewa. Anachokosa ni oksijeni.

Mlazeni chali mahali pagumu, mmoja akaite msaada. Inamisha kichwa nyuma, nyanyua kidevu, bana pua, ziba kinywa chake kwa chako na upulize sekunde moja mpaka uone kifua kimepanda. Fanya mara 5. Hapa hewa inaingia kwa kusukumwa na wewe, na ile asilimia 16 yako inamtosha. Kifua kisipopanda, rekebisha kichwa. Ukipuliza kwa nguvu nyingi hewa huenda tumboni. Akiwa bado hana dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, mrudie hivyo bila kuacha. Akizinduka apelekwe hospitali hata akisema yu mzima.

Mikoko inasimama kwenye tope lisilo na hewa. Mizizi yake inapumuaje?

Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na swali hili ni tamu kuliko yote kwa sababu jibu lake ni lilelile la kifua. Tembea penye michu, aina mojawapo ya mikoko, maji yakitoka utaona vijiti vingi kama penseli vimetokeza topeni. Hiyo ni mizizi iliyoota kwenda juu. Ya mlilana, aina nyingine, ni minene zaidi, na mkoko wenyewe hutumia ile mizizi ya miguu iliyopinda. Yote ina vitundu vidogo vinavyopitisha hewa na kuzuia maji, na ndani ni laini kama sifongo, imejaa nafasi za hewa.

Maji yakijaa vitundu hufunikwa. Seli za mzizi huendelea kutumia oksijeni iliyobaki, na kaboni dayoksaidi inayotolewa huyeyuka majini. Gesi inapungua ndani na hakuna ya kuijaza, kwa hiyo shinikizo linashuka. Maji yakipwa, vitundu vikatokeza, hewa ya nje husukumwa kuingia kwa mkupuo. Mti hupata pumzi moja kubwa kwa kila kupwa na kujaa, mara mbili kwa siku. Mtafiti Per Scholander na wenzake walichapisha vipimo hivi mwaka 1955. Walipopaka grisi vitundu vya mizizi, oksijeni ya ndani ilianguka. Mafuta ya injini yaliyomwagika, au tope lililorundikwa juu ya vijiti hivyo, hufanya kama ile grisi, nao mchu hukauka miguu yake ikiwa majini.